Jinsi ya kuongeza furaha kwa vitu vilivyopimwa, sio maneno ya mamotivesheno spika

Kila asubuhi ukifungua status za WhatsApp unakutana na mtu anakwambia furaha ni uamuzi, amka saa 10 alfajiri, achana na watu hasi, jiseme vizuri kwenye kioo. Sasa wanasaikolojia wamekaa miaka na miaka wanayapima haya mambo kwa watu halisi, na majibu yao mengi hayafanani kabisa na yanayouzwa kwenye semina za kiingilio. Mengine hata wao wenyewe waliyaamini alafu yakaja kuanguka yaliporudiwa. Kwahiyo hapa naweka yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafanya, yule ambaye mshahara ukifika tarehe 15 umeshakata, na ntasema wazi wapi ushahidi umesimama na wapi umelegea.

Kabla ya chochote jipime

Chukua karatasi, chora ngazi yenye namba 0 chini mpaka 10 juu. Kumi ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyawaza kwako wewe, sifuri ni mabaya kuliko yote. Leo umesimama wapi? Andika namba. Hii njia ni ya Mmarekani Hadley Cantril, aliitoa miaka ya 1960, na ndiyo hiyohiyo inayotumika kwenye ile ripoti ya furaha duniani inayotoka tangu 2012, ile ambayo Finland inaongoza mfululizo toka 2018 na watu wanashangaa mbona Wafini wenyewe hawachekicheki. Hawachekicheki kwa sababu swali halikuuliza habari za kucheka. Limeuliza unayaonaje maisha yako kwa ujumla.

Ndo maana unahitaji swali la pili: jana ilikuwaje? Ulicheka? Ulikuwa na wasiwasi muda mrefu? Hasira? Ulilala vizuri? Uliza jana, usiulize "siku hizi", maana ukiulizwa siku hizi unakoje kichwa kinachukua tukio moja kubwa kinapaka rangi mwezi mzima. Haya mambo mawili, ngazi na jana, hayaendi pamoja kila mara, unaweza kukuta mtu ana kazi nzuri na nyumba Goba, ngazi yake ni 8, ila jana yake nzima ilikuwa foleni, bosi na ugomvi. Mwingine ngazi yake ni 4 ila jana alicheka kijiweni mpaka mbavu zinauma. Ukijua wewe shida yako ipo wapi ndio unajua uanze na kipi. Weka hiyo karatasi mahali, baada ya wiki 6 jipime tena bila kuangalia majibu ya mwanzo.

Tuongelee hela maana najua unaisubiri

"Hela hainunui furaha" mara nyingi utaisikia kwa mwenye nazo. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walitoa utafiti Marekani wakasema ile ngazi inaendelea kupanda kadri kipato kinavyopanda, lakini hali ya siku kwa siku inagota mtu akifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Hiyo namba ikazunguka dunia nzima. Alafu 2021 akatokea Matthew Killingsworth na data zake akasema mimi sioni inapogota. Badala ya kurushiana maneno wakakaa pamoja, wakamwita Barbara Mellers awe mtu wa kati, na 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi inaendelea kupanda, wanaogota ni wale ambao tayari wana huzuni sana, yaani mtu mwenye msiba au ndoa iliyokufa, hela zikishafika kiwango fulani haziwezi tena kumsaidia kwa hilo linalomuumiza. Ila shika hili, kwenye hivi vipimo kinachohesabika ni kipato kuongezeka mara ngapi, sio shilingi ngapi. Kutoka laki 3 kwenda laki 6 ni hatua kama ya mtu kutoka milioni 3 kwenda milioni 6. Maana yake nini, wewe mwenye laki 3 kutafuta hela ni njia halali kabisa ya kutafuta furaha na asikudanganye mtu. Yule wa milioni 3 akiua afya na familia kwa ajili ya nyongeza ya laki 3 hapo ndio hesabu inakataa.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi na sisi. Kenya magharibi, Rarieda huko Siaya, shirika la GiveDirectly liligawa hela kwa kaya maskini kupitia M-Pesa bila masharti, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia (matokeo yakatoka 2016). Waliopata waliripoti furaha zaidi, wameridhika zaidi na maisha, msongo umepungua. Hawakuzinywea pombe kama watu walivyotabiri. Lakini walipowaangalia majirani ambao hawakupata kitu, kuridhika kwao na maisha kulishuka, japo baadae kulitulia. Yaani jirani hajapoteza hata shilingi, bati jipya la mwenzake tu. Kwahiyo hatua ya kufanya hapa sio "acha kujilinganisha", hiyo hakuna binadamu anayeiweza, hatua ni kuchagua unamwangalia nani. Pitia watu unaowafuata Instagram, yule ambaye kila ukitoka kwenye peji yake unaona geto lako limepungua, mpige mute. Hatojua.

Na wale wa mikeka. Kuna utafiti maarufu wa 1978 wa Philip Brickman na wenzake, washindi 22 wa bahati nasibu wa Illinois, ukaonesha hawana furaha kuwazidi watu wa kawaida. Watu 22 tu! Na kwa huo wakaandika vitabu. Baadae Sweden walichukua washindi wengi mno wakakuta walioshinda hela nyingi wameridhika na maisha kuliko wenzao hata baada ya miaka zaidi ya 5, ingawa kwenye furaha ya siku kwa siku tofauti ilikuwa ndogo. Sasa usikimbilie kubeti, hao ni walioshinda tayari, hakuna aliyewapima waliochaniwa mikeka.

Jinsi unavyoitumia ndogo uliyonayo nayo ina maana. Elizabeth Dunn na wenzake 2008 huko Vancouver waliwapa watu bahasha asubuhi, wengine dola 5 wengine 20, nusu wakaambiwa mjitumie wenyewe, nusu mtumieni mwingine, mwisho saa 11 jioni. Jioni waliotumia kwa wengine ndio walikuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti, wa 5 na wa 20 sawa tu. Baadae wakalinganisha nchi 136, na wakafanya jaribio Canada na Uganda pia, likaelekea hukohuko.

Najua unachowaza, "mimi natoa kila mwezi, michango ya harusi, kipaimara, msiba, ada ya mtoto wa mjomba, mbona sina furaha?" Swali zuri. Tafiti nyingine zinaonesha kutoa kunaleta furaha pale unapochagua mwenyewe na unapoona kilichobadilika. Mchango wa kamati ya harusi unaokuja na kadi ya "single 50,000 double 100,000" hauna kimojawapo. Kwahiyo fanya hivi: tenga hela ndogo kabisa, hata 3,000 kwa wiki, ambayo haijaombwa na mtu, umnunulie mtu kitu ukiwa upo. Mlipie nauli mwanafunzi aliyekaa pembeni yako kwenye daladala. Mpelekee mlinzi wa usiku chapati na chai. Vitu vya namna hiyo. Hii haikuondolei michango, hiyo ni kodi ya kuwa na ndugu, ila walau kuna sehemu moja unatoa kwa kupenda.

Watu. Hapa ndio penyewe

Kama utasoma sehemu moja tu ya hii makala soma hii, mengine yote ni nyongeza.

Chuo cha Harvard kilianza kuwafuatilia wanafunzi wake 268 mwaka 1938, wakaja kuunganishwa na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston, na wamefuatiliwa maisha yao yote, afya, ndoa, kazi, damu imepimwa, wake zao wamehojiwa, sasa hivi wanafuatilia mpaka watoto wao. Robert Waldinger, mkurugenzi wa 4 wa huo utafiti, anasema walipoangalia watu wakiwa na miaka 50, kilichotabiri nani atafika 80 akiwa na afya haikuwa kolesteroli, ilikuwa ameridhika kiasi gani na mahusiano yake. Ndio, walikuwa wanaume watupu tena wazungu wa Marekani, na huwezi kujua kwa asilimia zote kipi kimeleta kipi, pengine mwenye afya nzuri ndio anapata marafiki. Lakini mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad alikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi kubwa zaidi kwa kama asilimia 50. Hiyo sio ya kupuuza.

Sasa ufanyeje? Usianze na "natafuta marafiki wapya". Andika majina ya watu ambao ukipata tatizo usiku wa manane ungewapigia. Wengi wanaishia watatu au wanne, wengine mmoja. Alafu pembeni ya kila jina andika mara ya mwisho mmeongea lini, sio kulike status, KUONGEA. Hapo utaona mwenyewe. Alafu kila jina lipe siku na saa, na liambatanishe na kitu unachofanya tayari. Peter Gollwitzer ameonesha kwenye tafiti zake kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "nikimaliza hiki nafanya kile" anatekeleza zaidi kuliko mwenye nia tu. Kwahiyo sio "ntakuwa nampigia shangazi", ni "Jumapili nikitoka kanisani, kabla sijapanda gari, nampigia shangazi". Au baada ya swala ya Ijumaa, au ukimaliza kufua. "Tutafutane" imeua urafiki mwingi kuliko ugomvi.

Na usidharau watu wa pembeni. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwachukua abiria wa treni Chicago, wengine wakaambiwa ongea na mtu usiyemjua, wengine kaa kimya, wengine safiri kama kawaida yako. Watu walipoulizwa watabiri walisema kimya ndio safari itakuwa nzuri, ila walioongea ndio waliofurahia safari zaidi (2014), na baadae London ikawa hivyohivyo, tena Waingereza wale. Sisi hili tulikuwa nalo bure, daladala ya Mbagala ilikuwa bunge, siku hizi kila mtu earphone masikioni. Anza na wale unaokutana nao tayari: mamantilie, fundi viatu, muuza genge, konda. Muulize jina. Salimia kwa kusimama kidogo sio kwa kupita. Ila na hili niseme, kwa kina dada kuongea na mwanaume usiyemjua kwenye gari kuna usumbufu wake unaojulikana, chagua mama mtu mzima au dada mwenzio, na wewe kaka kama mtu anajibu kwa mkato na anaangalia dirishani huo utafiti haukupi ruhusa ya kuendelea.

Mwenye haya usijilazimishe kuwa mchangamfu wa ghafla. Sentensi mbili zinatosha.

Kushukuru, kidogo na kwa namna yake

Robert Emmons na Michael McCullough 2003 waliwafanya watu waandike vitu vya kushukuru mara moja kwa wiki kwa wiki 10, wakawa na hali nzuri kuliko walioandika kero. 2005 Martin Seligman na wenzake wakaja na zoezi la mambo matatu mazuri ya siku, na sharti lake ambalo watu wanalirukaga ni kuandika *kwa nini* limetokea. "Nimekula vizuri" haitoshi, andika "nimekula vizuri kwa sababu dada jirani ameniletea pilau ya hitima na hakunisahau". Unaona ilivyorudi kwa watu tena.

Usifanye kila siku milele, inageuka kazi ya darasani. Kazi ya Sonja Lyubomirsky inaonesha mara moja kwa wiki ilifanya vizuri kuliko mara tatu. Na kuna ile ya barua, nayo ya Seligman na wenzake: mwandikie mtu aliyekusaidia na hujawahi kumshukuru vizuri, mwalimu wako wa la tatu, boda aliyekukimbiza hospitali, alafu mpelekee ukamsomee. Ilipandisha furaha kuliko mazoezi yote waliyojaribu, ila ikafifia ndani ya miezi michache, kwahiyo sio dawa ya mwaka. Voice note ya dakika mbili kwa mtu aliye mbali nayo si mbaya, walau kwa maoni yangu, hiyo sijaiona ikipimwa.

Kwa wenye watoto wa sekondari, Kenya kuna mradi unaitwa Shamiri, wa Tom Osborn na wenzake, ambao unatumia shukrani pamoja na kumfundisha kijana kwamba mtu anaweza kubadilika na kumfanya afikirie anathamini nini maishani. Vikao vinne tu vya saa moja, na wanaoongoza ni vijana waliomaliza sekondari juzi, sio madaktari. Kwenye utafiti wa 2021 wenye wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona (depression) au wasiwasi, dalili zilipungua zaidi ya wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mjomba au dada mkubwa anaweza kuyaanzisha hayo mazungumzo nyumbani.

Simu na mwili, haraka haraka

2018 Marekani kuna watu walilipwa wazime Facebook wiki 4. Wakapata kama saa moja kwa siku, muda wakautumia na familia na tv, furaha ikapanda, ila kidogo. Kidogo! Kwahiyo anayekwambia simu ndio chanzo cha matatizo yako yote anazidisha chumvi. Toa simu kitandani, punguza zile app za kuperuzi watu usiowajua, lakini usijitoe kwenye grupu la familia kwa sababu ya utafiti, hilo grupu pamoja na makelele yake na good morning za maua ndio mahusiano yenyewe.

Mazoezi: chuo cha Duke Marekani 1999, watu 156 wa miaka 50 na kuendelea wenye sonona, mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 16 yakafika palepale dawa ilipofika, ingawa dawa iliwahi kuanza kufanya kazi. Kama huna sonona ushahidi ni mwembamba zaidi. Ushauri wangu jiunge na jogging ya mtaani kwenu, zile za Jumamosi alfajiri na matisheti na nyimbo, unapata jasho na watu kwa pamoja.

Vya kuachana navyo

Kujilazimisha kutabasamu ili ubongo udanganyike: ule utafiti wa 1988 wa kung'ata kalamu kwa meno ili uso ukae kama unatabasamu, maabara 17 ziliurudia 2016 na hazikuona kitu. Na kuifukuzia furaha yenyewe: Iris Mauss na wenzake 2011 waliona wanaoipa furaha uzito mkubwa mno ndio wanaoishia kuvunjika moyo, hasa mambo yao yakiwa shwari, maana kila dakika mtu anajikagua "je nafurahi kiasi cha kutosha?". Ndo maana nimesema jipime leo na baada ya wiki 6, sio kila usiku.

2023 Dunn huyohuyo wa bahasha na Dunigan Folk walipitia ushahidi wote wa mbinu maarufu kwa vigezo vikali. Meditesheni, mazoezi, kwenda kwenye miti, ushahidi ukaonekana haba kuliko kelele zake. Vilivyobaki vimesimama kiasi ni kushukuru na kujichanganya na watu. Na kumbuka nyingi ya hizi tafiti ni za watu wa Ulaya na Amerika. 2020 walipowalinganisha Wahadzabe wa Eyasi na watu wa Poland, Wahadzabe ndio wakawa na furaha zaidi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na daftari la shukrani.

Ikiwa sio suala la furaha tena

Haya yote ni ya mtu ambaye yuko sawa ila anataka kuwa sawa zaidi. Kama ni zaidi ya wiki mbili mfululizo huoni raha kwenye kitu chochote, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona na ni ugonjwa, usijipe daftari ukadhani umemaliza.

Zimbabwe Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati za Harare, mtu anakuja anakaa na bibi wanaongea. Kwenye utafiti wa 2016 wenye watu 573, baada ya miezi 6 waliokaa kwenye hayo mabenchi walikuwa na dalili chache sana kulinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Bibi hatoi mahubiri. Anakusikiliza, mnaorodhesha matatizo yako yote, wewe mwenyewe unachagua MOJA, mnapanga hatua ndogo ya kufanya wiki hii, wiki ijayo unarudi kusema imekuwaje. Hata kama kwenu hakuna benchi, mtafute mtu mzima asiyetangaza siri mfanye hivyohivyo wakati unajipanga kwenda hospitali. Na hospitali nenda, anzia ya wilaya au kituo cha afya waombe rufaa ya afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Kama mawazo ya kujiua yameshaanza kuja, usisubiri miadi wala wiki ijayo, mwambie mtu mmoja leo hii, kwa maneno hayohayo bila kuzunguka, na muende nae.